Nyundo Haina Macho

Siku ya Mtakatifu Georgi, Aprili

Mimi ni Apollonia, mjane wa Moritz, na kalamu hii siishiki mimi. Anayeandika ni Kresenza, mke wa mwanangu Theodul. Mimi sikusoma. Umri wa kusoma ulinikuta nachunga mbuzi, na mbuzi hawafundishi mtu herufi. Shauri hili kalileta Theodul mwenyewe. Jana kaniambia, "Mama, mlinzi wa mfereji haambiwi hofu kabla ya kupanda. Wewe kila asubuhi unanijaza hofu kama unavyonijaza mkate mfukoni. Mwambie Kresenza, aandike, mimi niende na mguu mwepesi."

Basi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike yote, hata pale nitakapomsema yeye. Amekunja uso. Andika na hilo, kwamba umekunja uso.

Leo maji yamefunguliwa. Nyundo imeanza kupiga.

Jumapili baada ya Mtakatifu Marko

Kresenza anasema atakayesoma haya siku moja hatajua nyundo ni nini. Mimi nikamwambia, nani huyo asiyejua nyundo? Lakini yeye ni mtu wa kuja, basi acha nieleze.

Zenblatten yetu imekaa ubavuni mwa mlima kama sahani kwenye rafu. Mawingu yanakuja, yanapasukia kwenye vilele vya huku na vya kule, mvua inaishia kwa wenzetu, sisi tunapata kivuli chake tu. Maji tunayasikia chini kabisa korongoni yanavyonguruma, lakini nani atayafuata huko? Barafu iko nyuma ya jabali, imejaa maji, haituoni wala hatuioni. Sasa wazee wa zamani, padri anasema kabla ya ile tauni, Mwenyekiti Mansuet anasema baada ya tauni, na walibishana hivyo majira ya baridi yote mpaka wakaacha kusalimiana, wazee hao walining'inia kwa kamba jabalini, wakatoboa mwamba, wakachomeka magogo, na juu ya magogo wakalaza mabirika marefu ya mbao. Maji yakatoka kwenye mdomo wa barafu, yakazunguka Pua, hilo jabali lililochomoza tunaliita Pua, yakafika kwetu. Kila nyumba ilitoa mtu. Kila nyumba ilizika mtu, isipokuwa zile zilizokosa hata cha kuzika.

Ubavuni mwa mabirika kuna ubao mmoja wa kupita. Upana wake ni huu, Kresenza, tazama mkono wangu. Hapo ndipo mwanangu anapotembea.

Na mfereji unapoingia kijijini wamefunga gurudumu dogo. Maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linanyanyua nyundo ya mti, nyundo inaangukia ubao. Ko. Ko. Ko. Kijiji kizima kinasikia. Tunazaliwa ndani ya mlio huo, tunaolewa ndani yake. Ukikoma, maji yamezibwa huko juu, kijiko kinabaki hewani, kila mtu anatazama nyumba yetu, kwa sababu nyumba hii ya juu kabisa ni ya kijiji, na anayeishi humu ndiye mlinzi. Moritz wangu. Kabla yake baba yake. Kabla yake babu yake.

Nyuma ya Pua hakuna mtu wa Zenblatten anayepaona akiwa amekaa kwake. Wanaopaona ni watu wa Eggfluh, ng'ambo ya korongo. Wao wamekaa uso kwa uso na jabali letu kama watu waliokaa kanisani mstari wa mbele. Lakini Eggfluh na sisi hatuna mazungumzo. Mababu zao walituvunjia mlango wa maji, mababu zetu wakachoma mabanda yao ya nyasi. Nani alianza? Wao.

Kresenza ametoka Eggfluh. Theodul alimwona kwenye gulio la ng'ombe, na akarudi na yeye badala ya ndama. Mimi nilihitaji ndama.

Mei, zamu yetu ya tanuri

Tumeoka mkate wa nusu mwaka. Mikono inaniuma. Kresenza hajui kukanda lakini ana nguvu kama fahali. Ni mjamzito, kanyamaza nalo mpaka leo. Nimeona mwenyewe alipoinama.

Siku ya Mtakatifu Antoni, Juni

Nyundo imekoma asubuhi, tukiwa tunakamua. Ng'ombe wenyewe waligeuza vichwa. Theodul akachukua jembe dogo la mfereji, akachukua kofia, hakuniangalia. Nilifumba mdomo kama nilivyoahidi. Nilikaa kwenye kizingiti nikahesabu maombi mpaka nikarudia mtakatifu mmoja mara nyingi, masikini, atakuwa amechoka na mimi.

Ikapiga. Ko. Ko.

Nikalia, nikaenda kumenya viazi.

Amerudi na sikio linavuja damu. Anasema jiwe dogo lilidondoka. Nikamwuliza, jiwe lilidondokea wapi? Lilidondoka tu, Mama, mawe hudondoka. Filomena jirani yangu kapita jioni, akasema kwa sauti ya chini, "Shoga, mawe ya siku hizi yana mikono. Na kule ng'ambo kuna mikono mingi isiyo na kazi."

Nikamwambia Kresenza aandike hivi: huenda watu wa Eggfluh wanapanda nyuma na kusukuma mawe. Akaandika. Akaniuliza, "Mama, niongeze na majina ya kaka zangu, au hivyo inatosha?"

Nikasema yaongeze. Severin na Alfons. Kaandika kwa herufi nzuri kabisa.

Mtakatifu Yohana

Imekoma. Imepiga. Karudi.

Siku mbili baada ya hapo

Imekoma tena. Barafu inayeyuka kwa fujo mwaka huu, inaleta matope na vipande vya mti. Karudi ameloa mpaka kifuani. Kakaa jikoni, mikono inatetemeka, akaificha chini ya meza akidhani sioni. Mimi naona. Kresenza naye aliona. Tukatazamana, halafu kila mmoja akatazama chungu chake.

Petro na Paulo

Hakuna mvua. Nyasi za upande wa kanisa zimegeuka rangi ya mbweha. Wanaume wanagombana kuhusu zamu za maji, wanaonyeshana vijiti vyao vyenye alama za nyumba, kila mmoja anasema alama yake ni ya zamani zaidi. Baba mmoja kalala shambani akilinda maji yake, mkewe anasema afadhali, anakoroma.

Julai, siku ya joto sana

Kresenza kaniuliza Moritz alikufaje. Nimekaa naye mwaka na zaidi, hakuwahi kuuliza. Nikasema Theodul hajakuambia? Kasema, "Theodul haongei, Mama. Ungejua nilivyoolewa na ukuta."

Nilicheka. Sikutaka kucheka.

Basi, Moritz. Ilikuwa mwezi huu huu. Nyundo ilikoma, akaenda. Nilikuwa nimembeba Theodul mgongoni. Nikasubiri ipige. Haikupiga. Jua likazama, haikupiga. Kukacha, kimya kile kile, kimya chenye uzito, kama mtu amekaa juu ya paa. Sikuhitaji mtu aje kuniambia. Wanaume walipompata kule chini korongoni, mimi nilikuwa nimeshatoa shati lake la kuzikiwa. Ndiyo maana nakwambia, binti, wewe sikiliza nyundo tu. Ikipiga, mume wako yupo. Isipopiga, ndiyo uanze kulia.

Kasikiliza, kaandika, halafu akasema, "Kwetu sisi tulikuwa tunawaona."

"Mlikuwa mnaona nini?"

"Walinzi wenu. Nikiwa mtoto nilikuwa nakaa kwenye ukuta wa kanisa, nakula mkate, namtazama mtu mdogo anatembea juu ya uzi. Nilikuwa sijui kama ana jina."

Sikupenda maneno hayo. Nimemwambia ayaandike, sijui kwa nini.

Mtakatifu Magdalena

Joto. Nzi. Theodul kalala mchana, jambo ambalo halijatokea. Nilimtazama kama nilivyokuwa namtazama mtoto, kama anapumua.

Agosti, Jumapili ya kwanza

Kresenza alikataa kugusa kalamu wiki nzima. Leo kakaa mwenyewe, bila kuitwa, akasema, "Sema, Mama. Lakini usianzie mwisho." Haya. Nitaanzia mwanzo, na kama nikisimama katikati, mnisubiri.

Ilikuwa siku baada ya Mtakatifu Anna. Mchana mbingu ikawa nyeusi upande wa barafu, peke yake huko, kwetu jua linawaka. Tukafurahi, tukadhani mvua. Ikaja mvua ya mawe. Ikapiga nyuma ya Pua, ikatugusa na ncha ya mkia tu, ikapita. Na nyundo ikakoma.

Theodul alikuwa anakula. Akaweka kijiko. Kresenza akamshika mkono wa shati, akasema, "Ngoja mawe yayeyuke kwenye ubao." Theodul akasema, "Mahindi na viazi haviwezi kungoja, na Mansuet yuko njiani." Na kweli Mansuet alikuwa mlangoni, kofia mkononi, "Theodul, ndugu yangu, umesikia?" Kana kwamba mtu anaweza asisikie!

Akaenda. Mimi nikakaa kwenye kizingiti.

Nyundo ikapiga. Mapema kuliko nilivyotarajia, na kwa nguvu, ko-ko-ko-ko, maji mengi. Filomena alipiga makofi kutoka dirishani kwake. Mimi nikainuka na magoti yangu haya, nikakata mkate, nikaweka maziwa motoni, nikatoa jibini ile ya sikukuu. Niliimba. Ndiyo, niliimba, andika.

Maziwa yakawa tayari. Nikayasogeza pembeni. Yakafanya utando. Nikautoa, yakafanya mwingine. Kresenza alikuwa amesimama nje tangu mwanzo, mkono juu ya tumbo, anatazama Pua.

"Ingia ndani," nikamwambia. "Nyundo inapiga."

"Angekuwa ameshafika kwenye ule msalaba wa njia ya kurudi."

"Anakagua mbao. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

Kengele ya jioni ikalia. Kresenza akamwendea Mansuet, mimi nyuma yake. Mansuet alikuwa anafungulia maji shambani kwake, amekunja suruali, uso unang'aa. "Jamani wanawake," akasema, "sikilizeni. Si hiyo inapiga? Mnataka nini tena? Mtu akipiga mluzi ndani ya nyumba, mnauliza kama yumo?"

Kina baba waliokuwa pale wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Kresenza hakucheka. Akasema, "Nyundo haina macho. Nyundo inajua maji yamefika. Mume wangu haimjui."

Hakuna mtu Zenblatten aliyewahi kusema hivyo. Ni kama mtu kasema mkate hauliwi. Halafu akageuka, akashika njia ya kushuka korongoni, njia ya daraja, njia ya kwao. Na tumbo lile! Nikamkimbilia, nikamshika shali, nikamwambia neno ambalo nilitaka leo aliruke, lakini yeye anasema lazima liingie. Nikamwambia, "Unakwenda kuwaambia nini kaka zako? Kwamba kazi yao imekamilika?"

Akaniachia shali mkononi, akaenda bila shali.

Nikabaki na ile shali, na nyundo inapiga. Nilikaa kwenye kizingiti kile kile. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilisikia mlio ule ukiwa mlio tu. Mti juu ya mti. Nikaogopa kuliko usiku wa Moritz, maana usiku ule nilijua. Sasa nilikuwa sijui chochote, na kitu nilichokuwa nakiuliza kinanijibu neno moja tu, neno hilo hilo, hata kama ningekufa pale pale kingeendelea kulisema.

Kabla giza halijaingia, kengele ya Eggfluh ikalia vibaya, haraka haraka. Mtu akasema, "Kwao kunaungua." Mwingine akasema, "Kuungue." Nikawapigia kelele. Sijui nilisema nini. Filomena anasema nilitukana mpaka watakatifu, lakini Filomena huongeza.

Yaliyobaki nimeambiwa na Kresenza. Alifika juu, Eggfluh, kwa mikono na magoti. Hakwenda nyumbani kwao, alikwenda kwenye ule ukuta wa kanisa, akatazama. Ubao ulikuwa mweupe kwa mawe ya mvua. Juu ya ubao hapakuwa na mtu. Akashusha macho. Chini yake, kwenye kijirafu cha mwamba chenye kichaka kimoja, palikuwa na kitu cha buluu. Akapiga yowe. Kile cha buluu kikainua mkono. Hapo ndipo alipoivuta ile kengele.

Alikuwa ameshafungua maji, mwanangu. Alikuwa amemaliza. Alikuwa anarudi nyumbani kula. Alipita kwenye ubao wenye mawe, akateleza, na juu ya kichwa chake maji aliyoyafungua yakatiririka kuja kutuambia kwamba yu salama.

Severin na Alfons walikuwa wanakusanya nyasi. Walichukua kamba za nyasi, wakapanda kwa upande wao, kwa juu, kwa sababu njia hiyo ni fupi na ni wao peke yao wanaoijua. Alfons alishushwa kwa kamba na mwanga wa mwisho. Watu wetu, hatimaye, walikuja kwa upande huu na taa, wakakutana nao kwenye Pua, ana kwa ana juu ya ubao mmoja, Zenblatten na Eggfluh, na Theodul katikati amefungwa kwenye shuka la nyasi kama mzigo wa majani. Severin alisema tu, "Mshikeni vizuri, ni shemeji yangu."

Mguu umevunjika mara mbili, vidole viwili vya mkono havipo tena. Daktari wa bondeni kamnyoosha mguu, kasema utabaki mkavu kama fimbo.

Nilipomaliza hapa nikamwambia Kresenza, yale majina niliyokuandikisha siku ya Mtakatifu Antoni, yafute. Akasema, "Hapana, Mama. Wino ni ule ule. Yakae."

Kupaa kwa Maria

Theodul ana homa. Halafu hana. Halafu anayo. Silali. Kresenza halali. Tunagawana kutolala.

Mtakatifu Bartolomayo

Kala supu yote. Kaomba jibini. Binamu yake mmoja wa kijijini anapanda badala yake, na kila nyundo ikikoma nafikiria mama wa huyo.

Mtakatifu Verena, Septemba

Mansuet kaja, kakaa kwenye benchi la jiko, kazungusha kofia. Kaanza mbali, hali ya viazi, hali ya paroko. Halafu kasema wanaume wamekutana baada ya misa. Mfereji hauwezi kukaa na mlinzi wa kuazima. Nyumba hii ni ya mlinzi. "Lakini hatuna haraka, Apollonia, sisi si wanyama. Mnaweza kukaa. Mradi nyumba ina mlinzi, hata akiwa hajazaliwa." Na akatazama tumbo la Kresenza jinsi mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani.

Theodul hakusema kitu. Ukuta.

Toka siku hiyo naomba awe msichana. Sijawahi kuomba hivyo. Nilipombeba Theodul niliomba mvulana mpaka magoti yakaota sugu.

Siku ya Mtakatifu Mauritsi

Amezaliwa alfajiri. Mzima, mwekundu, ana hasira. Mvulana.

Kesho yake

Leo ni ubatizo. Kresenza yuko kitandani, ananiandikia akiwa amelala, nimemwambia apumzike kasema akipumzika atasikia miguu yao. Mimi nimeshaisikia. Wanakuja kutoka kanisani, Mansuet mbele, na padri, na kina baba wote, wamevaa nguo nyeusi za Jumapili.

Kwetu mtoto wa kiume wa nyumba ya mlinzi, kabla ya kupelekwa kwenye maji ya ubatizo, jembe dogo la mfereji linalazwa ndani ya susu lake la kulalia, ubavuni. Mwenyekiti ndiye analilaza. Likishagusa shuka, mtoto ni mlinzi, hakuna wa kulitoa. Theodul alilaziwa hivyo, nami nikapika keki.

Nimefunga komeo la mlango.

Sijawahi kulifunga mchana. Nimeshindwa mara mbili ndipo likaingia. Tutakwenda wapi, majira ya baridi yako mlangoni, na mtoto wa jana, na mwanaume wa mguu mmoja mzima? Kresenza anasema Severin ana chumba juu ya zizi. Mimi, Apollonia wa Zenblatten, nikaishi Eggfluh juu ya zizi! Wafu wangu wote wako upande huu.

Wamefika. Mansuet anagonga. "Apollonia, fungua, mama. Padri anangoja."

Nimesema, "Una wana watatu, Mansuet. Lilaze kwao."

Mtu kacheka, halafu hakucheka. Mansuet anasema kwa upole, na upole wake unanitisha kuliko kelele, "Usifanye hivyo mbele ya watu. Fungua. Theodul! Mwambie mama yako."

Theodul ameinuka. Ameshika fimbo, ameshika meza, ameshika ukuta, anavuta ule mguu. Uso mweupe kama unga. Anakwenda mlangoni. Nimemwambia, mwanangu, usifungue. Amenipita. Anaogopa, namwona, jasho linamtiririka shingoni, kumbe na yeye anaogopa, kumbe siku zote alikuwa anaogopa.

Amegeuka. Ameegemeza mgongo kwenye mlango, mguu mkavu ameukita sakafuni, anatutazama sisi.

Andika hilo, Kresenza. Sasa weka kalamu, nipe mtoto.